Boniface: jina la Papa, neno la mwenye hoteli, na jina la babu wa mwenzetu



Wiki iliyopita, kwenye kikundi chetu cha mazoezi ya Kiingereza, mtu alituma sentensi fupi: «The boniface met us at the door.» Akauliza: huyu Boniface ni nani, na juu ya nini jina lake limeandikwa na herufi ndogo? Mwingine akafungua kamusi kwa simu, akarudi anacheka. Eti boniface ni mwenye hoteli! Ni mtu wa kupokea wageni, kuwapa chumba na kuwauzia pombe.

Basi mchezo ukaanza. Kati yetu kuna mwenzetu mmoja ambaye prénom yake ni hiyo hiyo. Mbele ya saa sita alikuwa ameisha kubatizwa upya: patron wa nganda, Papa Hoteli, na mengine ambayo siandiki hapa. Yeye mwenyewe alicheka pamoja na wengine. Lakini usiku aliniandikia pembeni: «Grand, niko najaza dosie ya bourse kwa Kiingereza. Minaweza toa hii jina, nibakie tu na nom na postnom? Sitaki bale batu banicheke.»

Nilimwambia asubiri kidogo. Swali lake si la kuchekesha. Mtu anataka kukata jina lake juu ya mstari mmoja wa kamusi, na ule mstari wenyewe hatukuusoma vizuri. Donc leo tulifungue hili jina polepole: linatoka wapi, Mapapa walilibeba namna gani, Waingereza wanaliandika namna gani, na ule mwenye hoteli aliingilia mlango gani. Mwishoni nitarudi kwa mwenzetu.

1. Kamusi inaonyesha vitu viwili, si kimoja

Ukitafuta neno hili katika kamusi kubwa ya Kiingereza, mara nyingi utakuta maelezo mawili yanafuatana. La kwanza ni «Boniface VIII», na herufi kubwa na namba ya Kiroma. Linasema kwa ufupi: Papa wa Kanisa Katoliki, alikufa 1303, ndiye aliyedai kwamba wafalme wako chini ya Papa hata katika mambo ya utawala wa dunia. La pili ni «boniface», na herufi ndogo: mwenye nyumba ya wageni, hoteli au mkahawa.

Mtu akisoma haraka anaunganisha. Kumbe Papa alikuwa na hoteli? Ao Waingereza walitaka kumchekesha Papa kwa kumfanya muuza pombe? Hapana. La pili halikuzaliwa na la kwanza. Yote mawili yanatumia jina moja la zamani, lakini kila moja lilifika kwenye kamusi kwa njia yake, na kati ya njia hizo kuna miaka 400 hivi.

2. Mzizi: bahati njema, si uso mzuri

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na mtego wetu. Tukiona Boniface tunasikia «bonne face», uso mzuri. Mwingereza naye yuko na mtego wake, kwani kwa Kiingereza mwisho wa jina unasikika kama neno lao la uso: BO-ni-feis, na uzito unakaa kwenye BO. Lakini uso hauhusiki hapa hata kidogo.

Jina ni la Kilatini, Bonifatius. Ndani yake kuna maneno mawili: «bonum», kitu chema, na «fatum», majaliwa. Maana ya kwanza, basi, ni mwenye majaliwa mema, mwenye bahati njema. «Fatum» hiyo njo ilizaa «fate» na «fatal» za Kiingereza, pia «fatal» na «fatalité» za Kifaransa. Neno moja, na watoto wake hawafanani: mmoja amebaki na bahati, mwingine amebaki na kifo.

Kisha matamshi yakabadilika. Katika Kilatini cha karne za mwisho, -tius na -cius zilianza kusikika sawa, na waandishi wakaanza kuandika Bonifacius, na c. Mara c ilipoingia, watu wakasikia ndani yake kitenzi kingine, «facere», maana yake kutenda. Jina likaelezwa upya: mtenda mema. Hii maana ya pili utaikuta katika vitabu vingi vya majina ya watakatifu. Siwezi kusema ni uongo, kwa kuwa watu wamelielewa jina hivyo kwa karne nyingi na wamewapa watoto wao kwa nia hiyo. Lakini mzizi si huo. «Facere» iko kwenye ukoo wa «benefactor» ya Kiingereza na «bienfaiteur» ya Kifaransa.

Wale wa Droit, tusichanganye tena na «bona fide» tunayoikuta katika mikataba. Ile inatoka kwa «fides», imani, na maana yake ni kwa nia njema. Ni njia nyingine kabisa.

Mukumbuke hili jambo, juu litarudi: jina hili lilikuwa limeisha kubadilisha maana mara moja hata mbele ya kufika Uingereza, na hakuna mtu aliyeomba ruhusa kwa wenye kulibeba.

3. Mapapa wenye jina hilo

Ukifuata namba, Maboniface wa Roma wanafika tisa. Wa Kwanza alianza kazi mwaka 418, wa Tisa alikufa 1404. Wa Nne njo aliyepokea jengo la Pantheon, hekalu la zamani la Warumi, akaligeuza kanisa mwaka 609. Wa Sita alikaa siku kama kumi na tano tu, mwaka 896. Wa Saba Kanisa halimhesabu kati ya Mapapa halali, lakini namba yake haikurudishwa nyuma, ndiyo maana aliyefuata akabaki wa Nane. Tangu 1404 hadi leo, zaidi ya miaka 600, hakuna Papa mwingine aliyechagua jina hilo.

Mwandishi wa Kiingereza akisema «Pope Boniface» bila kuongeza kitu, mara nyingi anamfikiria huyo wa Nane. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Benedetto Caetani, mtu wa mji wa Anagni, si mbali na Roma. Alichaguliwa Desemba 1294, baada ya Celestine V kujiuzulu. Alikuwa mwanasheria kweli kweli. Mwaka 1298 alitoa kitabu cha sheria za Kanisa, na mwishoni mwake aliweka orodha ya kanuni fupi fupi. Wanafunzi wa Droit wanaijua moja yake hata kama hawajui imetoka kwa nani: kwamba anayenyamaza anahesabiwa kuwa amekubali. Mwaka 1300 alitangaza mwaka wa Jubilei wa kwanza wa Kanisa Katoliki. Ile Jubilei ya 2025, ambayo hata parokia zetu ziliimba, inafuata desturi aliyoianzisha yeye. Na Aprili 1303 alianzisha chuo kikuu cha Roma, ambacho leo kinaitwa La Sapienza. Sisi wahitimu tungepaswa kumjua angalau kwa hicho.

Lakini kamusi haimkumbuki kwa chuo. Inamkumbuka kwa ugomvi. Mwaka 1296 alikataza wafalme kuwatoza mapadri kodi bila ruhusa ya Papa. Edward I wa Uingereza akajibu kwa kuwaondolea mapadri ulinzi wa sheria: mwenye kukataa kulipa, akiibiwa, asije kushitaki. Philip IV wa Ufaransa akafunga njia za dhahabu na fedha zisitoke katika nchi yake, na kwa hiyo zisifike Roma. Ugomvi ulipoa, kisha ukawaka tena. Novemba 1302 Papa akatoa barua yake maarufu, Unam Sanctam, iliyosema kwamba kuwa chini ya Papa wa Roma ni lazima kwa wokovu wa kila mwanadamu. Mstari ule wa kamusi kuhusu wafalme unatoka hapo.

Tarehe 7 Septemba 1303, watu wa mfalme wa Ufaransa wakiongozwa na Guillaume de Nogaret, pamoja na adui yake wa nyumbani Sciarra Colonna, waliingia Anagni wakamkamata. Wenyeji wa mji walimwokoa baada ya siku chache. Alirudi Roma amevunjika, na tarehe 11 Oktoba akafa. Mshairi Dante, ambaye Papa huyo alikuwa upande wa maadui zake katika siasa ya Florence, alimtengenezea nafasi motoni ndani ya shairi lake. Na kwa kuwa hadithi ya shairi imewekwa mwaka 1300, nafasi inamngojea Papa akiwa bado mzima.

Huyo ndiye mtu aliyebeba jina lenye maana ya bahati njema.

4. Namna ya kuliandika na kulitamka kwa Kiingereza

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaandika memwari na makala kwa Kiingereza huku tukifikiri kwa Kifaransa. Nimeona makosa manne yanayorudi kila mara, na jambo moja la kuangalia.

Kosa la kwanza ni «the». Kifaransa kinasema «le pape Boniface VIII», na sisi tunaihamisha ile «le» jinsi ilivyo: «the Pope Boniface VIII». Kiingereza hakitaki. Cheo kikiwa mbele ya jina, «the» inaondoka: «Pope Boniface VIII». Inarudi tu kama jina halipo: «the pope wrote to the king».

Kosa la pili ni namba. Kifaransa kinasoma «Boniface huit», namba ya kuhesabu. Kiingereza kinataka namba ya mpangilio, na kinaongeza neno ambalo halikuandikwa. Tunaandika «Boniface VIII», tunasoma «Boniface the Eighth». Ukisema «Boniface eight» mbele ya jury, wataelewa, lakini watajua umetafsiri. Hapa Kiswahili chetu kinasaidia kuliko Kifaransa: sisi tunasema Boniface wa Nane, si Boniface nane. Ukifikiri kwa Kiswahili, Kiingereza chako kitatoka sawa.

Kosa la tatu ni herufi kubwa. «Pope» mbele ya jina inaandikwa na P kubwa. Ikisimama peke yake, wachapishaji wengi wanaandika ndogo, «the pope», na wengine kubwa. Chagua namna moja, uifuate kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kosa la nne linatoka kwa neno letu la heshima. Kwetu, «Papa Boniface» anaweza kuwa Baba Mtakatifu wa zamani kule Roma, na anaweza kuwa mzee wa nyumba ya tatu, yule anayetengeneza radio. Tunatofautisha kwa mazungumzo tu, na hakuna anayepotea. Lakini kwa Kiingereza «papa» ni neno la mtoto anayemwita baba yake. Ukiandika «Papa Boniface wrote Unam Sanctam», msomaji wa London atafikiri unaeleza habari za baba yako. Papa wa Roma ni «Pope», basi. Na mzee wa avenue, kama unamwandika kwa Kiingereza, ni «Mr» na jina lake la ukoo.

Jambo la kuangalia: si kila Boniface bila namba ni Papa. Kuna mtakatifu ambaye Waingereza wanampenda kwa kuwa ni mtoto wao. Alizaliwa Uingereza akiitwa Wynfrith, jina la lugha yao ya zamani lenye maneno ya furaha na amani. Mwaka 719 Papa Gregory II alimpa jina Boniface na kumtuma kuhubiri kwa Wajerumani. Aliuawa mwaka 754 huko Frisia, na mwili wake uko Fulda, Ujerumani. Kwa hiyo ukikuta «Boniface» pamoja na Wajerumani, misitu na karne ya nane, ni yeye. Ukikuta Philip, Anagni na 1303, ni Papa. Na kama hukuti hata kimoja cha hivyo, ila unakuta chumba, sahani na chupa, basi umefika kwa yule wa tatu.

5. Mwenye hoteli alitokea wapi

Alitokea kwenye tamthilia. Tarehe 8 Machi 1707, huko London, ilichezwa kwa mara ya kwanza komedi inayoitwa The Beaux' Stratagem. Mwandishi ni George Farquhar, Mwairlandi, ambaye alikufa mwezi uliofuata akiwa bado kijana wa miaka kama thelathini. Hadithi inaanza kwenye nyumba ya wageni ya mji wa Lichfield. Mabwana wawili walioishiwa pesa, Aimwell na Archer, wanafika kutafuta mwanamke tajiri wa kuoa. Anayewapokea ni mwenye nyumba, na jina lake ni Boniface.

Huyu Boniface ni mnene, mchangamfu, anasifu bia yake mwenyewe kupita kiasi, na kila sentensi anaifungia na ule msemo wake kwamba ndivyo watu wanavyosema. Lakini nyuma ya kicheko chake anashirikiana na wezi wa barabarani: mgeni mwenye mzigo mzito anapofika, habari zinatoka. Watu walimpenda sana kwenye jukwaa. Tamthilia iliendelea kuchezwa miaka na miaka, na jina likatoka nje ya ukumbi. Waandishi wakaanza kuita mwenye nyumba ya wageni yeyote «Boniface», kwanza na herufi kubwa kwa kumkumbuka yule wa Lichfield, baadaye na herufi ndogo bila kumkumbuka mtu. Na tabia ya wizi ikadondoka njiani. Kilichobaki ni ule ukarimu: mwenye hoteli anayepokea watu vizuri. Magazeti ya Marekani ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yalilipenda sana neno hili wakati wa kuandika juu ya wenye hoteli na mikahawa.

Muone safari yake. Jina la bahati njema likawa jina la mtenda mema. Mtenda mema akawa, katika mchezo mmoja, mshirika wa wezi. Mshirika wa wezi akawa mwenyeji mkarimu. Papa wa Nane hakupita popote katika safari hiyo ya jukwaani.

Na jambo hili si la ajabu, hata kwetu linatokea kila siku. Tunasema «nipe bic», hata kama kalamu ni ya kampuni nyingine. Bic ni jina la mtu, Marcel Bich, aliyeondoa h ya mwisho. Tunasema «tupa kwenye poubelle». Poubelle ni jina la mtu, Eugène Poubelle, mkuu wa serikali jijini Paris, ambaye mwaka 1884 alilazimisha wenye nyumba kuweka vyombo vya takataka. Ukoo wake ulipata nini? Ulipata jina lake kwenye kila pipa la uchafu la dunia inayosema Kifaransa. Lakini hakuna mwanahistoria anayemcheka Monsieur Poubelle. Anajua kwamba neno na mtu ni vitu viwili.

Majina mengine ya Mapapa yaliingia Kiingereza bila kuachana na wenyewe. «Gregorian chant» bado inakupeleka kwa Papa Gregory wa Kwanza, na kalenda tunayoitumia, «Gregorian calendar», inakupeleka kwa Gregory wa Kumi na Tatu na mwaka 1582. Boniface mwenye hoteli hakupeleki Roma. Anakupeleka kwenye jukwaa la London.

6. Namna ya kumtambua ndani ya sentensi

Usitegemee herufi tu, kwani maandishi ya zamani yanamwandika mwenye hoteli na B kubwa. Uliza maswali matatu.

Je, mbele yake kuna «a» ao «the»? «A boniface», «the boniface», ni mwenye hoteli. Jina la mtu halitembei na «a» namna hiyo.

Je, liko katika wingi? «The bonifaces of the town» ni wenye hoteli wa mji. Mapapa tisa hatuwezi kuwaita hivyo bila kutaja neno «Popes».

Je, kuna namba, cheo ao mwaka? Namba ya Kiroma ao «Pope» ao «Saint» ni mtu wa historia.

Sasa turudi kwenye sentensi iliyotusumbua: «The boniface met us at the door.» Iko na «the», haina namba, haina cheo, na kuna mlango. Kwa Kiswahili: mwenye hoteli alitupokea mlangoni. Hakuna Boniface yeyote wa kumtafuta.

7. Je, tulitumie?

Kulisoma, ndiyo. Kuliandika, taratibu. Leo «boniface» kwa maana ya mwenye hoteli ni neno la vitabu, la zamani kidogo, lenye mzaha ndani yake. Waingereza wengi wa umri wetu wenyewe watalazimika kufungua kamusi. Ukiomba kazi kwenye hoteli na ukaandika kwamba unataka kukutana na «the boniface», mwenye kusoma atafikiri unamtafuta mfanyakazi anayeitwa hivyo. Andika «the owner» ao «the manager». Kwa nyumba ndogo ya wageni kuna «innkeeper», na kwa nyumba ya pombe ya Kiingereza kuna «landlord». Msomi hapimwi kwa maneno magumu anayoyarusha. Anapimwa kwa kujua lipi liwekwe wapi.

8. Tumrudie mwenzetu

Nilipomuuliza jina hilo alipewa na nani, alinijibu: «Ni ya babu.» Akaongeza jambo ambalo wengi wetu tuliozaliwa baadaye tunalisikia tu. Babu yake alibatizwa Boniface. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya authenticité, Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Padri aliyembatiza mtoto Mzairi kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo, na Kardinali Malula aliyepinga alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Kwenye karatasi za serikali Boniface wa familia hiyo akafutwa. Nyumbani, mke wake na majirani wakaendelea kumwita hivyo kwa sauti ya chini. Miaka ya 1990 mlango ulipofunguliwa tena, jina likarudi kwenye familia, likawekwa juu ya mjukuu.

Hapa mtu anaweza kuniambia: lakini grand, Boniface si jina la Afrika, Mobutu alikuwa na haki kidogo. Hiyo hoja naielewa, na postnom yetu ni mali ambayo hatupaswi kuipoteza. Lakini jina linakuwa la mtu kwa sababu mtu aliyempenda alimwita nalo. Latini ililianzisha, Roma ililibeba, London ilicheza nalo, na bibi mmoja wa hapa kwetu alilitunza miaka karibu ishirini bila karatasi. Kati ya hao wote, mimi naona mwenye haki kubwa ya kulieleza ni yule bibi.

Kisha kuna sababu ya kawaida kabisa, ya ofisi. Diploma ya mwenzetu iko na majina matatu. Pasipoti iko na matatu. Akituma dosie yenye mawili, wale wanaokagua wataona watu wawili tofauti, na hapo njo bourse inaweza kupotea kweli, si kwa kicheko. Kwa kila mmoja wetu anayejaza fomu ya Kiingereza: jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Usilitafsiri, usilifupishe, usiliongezee. Kama fomu haina kisanduku cha postnom, fuata mpangilio wa pasipoti yako, wala usibuni wako.

Na kuhusu kuchekwa: yule mkaguzi, akiona Boniface, ataona jina la mtu, kwa sababu liko na herufi kubwa, halina «the», na linafuatwa na jina la ukoo. Ni mitihani kama ile tuliyoifanya hapo juu. Waliocheka ni sisi tu, na tulicheka kwa kuwa tulisoma nusu ya ukurasa.

Nilimtumia haya yote usiku ule ule. Asubuhi alijibu kwa ufupi: «Merci grand. Minaiacha. Ni ya babu.»

Dosie imeondoka na majina matatu.

Wale mulio na majina ya watakatifu na Mapapa, Clément, Innocent, Pie, Urbain, kabla ya kucheka ao kulia, fungueni kamusi mpaka mwisho wa ukurasa.